Rangi ya Nyuma ya Kabati

Kanyosha, Bujumbura, tarehe 9 Machi 2024

Kwako shangazi Patricia, huko Kalemie kwenye upepo,

Pokea hii barua ukiwa umeketi na umekula, na kama hujala, weka chini kwanza, mi siandikii watu wenye njaa. Anayekuletea ni Hamissi, yule wa mafuta ya mawese. Akikwambia nimekonda, ni wivu tu. Mabega yangu yamefunguka mupaka shati inalia. Juzi nilikuwa napaka rangi uzio wa villa moja kule Kinindo, mama mwenye nyumba akatoka akaniangalia, akauliza bosi wangu Népomuscène: huyu kijana ni mupaka rangi ama ni bondia? Népomuscène akajibu, hata mi sijajua. Wivu tena.

Huku tuko wazima. Baba mukubwa Sébastien anakohoa bado, lakini sauti ya kugombeza haijapungua. Anakusalimia. Alisema nikuandikie maneno fulani, mi nikasema andika mwenyewe, akasema miwani imepotea. Miwani ilikuwa usoni.

Nyumba yako naichunga vizuri kuliko wewe ulivyoichunga, utanisamehe. Ila mvua ya mwaka huu iko na kichaa. Jumapili tukiwa misani, muto ulitoka njia yake ukaingia kwa lupango, ndani ya uzio wetu, kama mugeni ambaye hapigi hodi. Tuliporudi, sebule ilikuwa bwawa. Nimetoa maji, nimeosha, nimekausha, na viti vyako vimepona. Sebule haina shida.

Chumba kile ndo kina shida. Matope yaliacha alama ukutani, hapa kwenye kiuno. Kiuno changu, na unajua mi ni murefu. Lazima kipakwe upya, kisipopakwa ukuta utaanza kukohoa kama baba mukubwa.

Sasa sikia. Nilivuta kabati ya nguo ili ukuta wa nyuma upumue. Shangazi, nyuma ya kabati kuko rangi ingine! Yaani ni ileile, ndoo moja, siku moja, mi ndo nilishika ngazi, nakumbuka. Lakini kule nyuma jua halikufikaka, na huku kwingine jua limeikula polepole. Ya nyuma ya kabati ni kama chai yenye maziwa mengi, imetoka jikoni sasa hivi. Ya dirishani ni kama chai hiyohiyo imesahauliwa mezani. Mutu wa macho ya kawaida hawezi kuona tofauti. Mi niko na macho ya kazi.

Nilienda kwa Rachidi, muuza rangi wa sokoni, na vipande viwili vya plasta mukononi. Alichanganya koloran kwenye rangi nyeupe, tone kwa tone, mupaka akapata zote mbili. Nimekupakia zote juu ya kartoni mbili ndogo, kila moja rangi yake. Yenye kona iliyokatwa ni ya nyuma ya kabati. Ile nzima ni ya dirishani. Chagua, nipake, tumalize.

Kama ni mi, ningechagua ya dirishani. Haionyeshi uchafu.

Ni mi, kelele yako ya nyumbani,
Vainqueur

*

Kalemie, 2 Aprili 2024

Vainqueur mwanangu,

Mungu akulinde na huo mudomo wako. Nimefurahi kuona mwandiko wako haujabadilika, bado unaandika kama kuku aliyefukuzwa. Niko muzima. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Nakaanga mandazi, watu wananunua. Mama Ingrid aliyenipangisha chumba ni mutu wa kusali, anaimba kabla jogoo hajaamka, nimezoea. Waambie watu wa hapo waache kumuuliza Hamissi kwa nini simu yangu haipatikani. Nilimupa binti wa Mama Ingrid. Kila ilipolia moyo wangu ulikuwa unaruka, halafu ni wewe unauliza chumvi iko wapi.

Rangi ni ile yenye kona iliyokatwa. Usinibishie. Ndo aliyopaka Divin wangu, ndo aliyoiacha siku alipopanda boti kuja huku Kalemie kwa ile kazi ya kupaka kanisa. Unakumbuka alivyosema? Alisema, Mama, ukiingia humu utajua uko kwako. Akirudi nataka na yeye ajue yuko kwake. Asikute ukuta umezeeka akafikiri ameingia kwa watu.

Kuhusu maneno ya Sébastien, nayajua hata bila miwani. Anataka nije tuondoe kilio, tumalize matanga. Kilio cha nani? Mi sikuweka kilio. Boti ilipinduka, watu walitolewa, Divin hakuonekana. Kutoonekana ni kutoonekana, hakuna jina lingine. Ninyi mulichukua mugomba wa ndizi, mukauvisha shati yake, mukauzika makaburini kama mutu, mukasema sasa roho imepata mahali. Muliuzika ninyi. Mi nilikuwa tayari niko huku, upande ambao maji yanaleta vitu.

Kila siku nikimaliza mandazi natembea pwani. Wanawake wa hapa wananiita Mama wa Kuuliza. Waite tu.

Kartoni nimezipokea. Ile ya kona iliyokatwa nimeiegemeza dirishani, karibu na kitanda, niione nikiamka. Ile ingine iko ndani ya Biblia.

Kula mboga. Usilale na madirisha wazi.

Shangazi yako anayekuvumilia,
Patricia

*

Kanyosha, 28 Aprili 2024

Kwa Mama wa Kuuliza, kutoka kwa Baba wa Kujibu,

Salamu nyingi mupaka mufuko wa Hamissi umepasuka. Goti lako lipake mawese ya moto, usiniambie ni ushamba, Népomuscène alipona hivyo. Baba mukubwa amepata miwani ingine, sasa anaona makosa ambayo zamani alikuwa anayasikia tu. Mi nakula mboga. Nakula hata za jirani.

Nimekusikia kuhusu rangi. Lakini mi ni mutu wa kazi, na mutu wa kazi hapaki ukuta muzima kwa maneno ya kuambiwa. Anajaribu kwanza. Kwa hiyo nilipaka viraka viwili karibu na dirisha, kila kimoja kama sahani, ya kabati kushoto, ya dirishani kulia. Nikarudi nyuma nikafumba jicho moja. Ya dirishani ni nzuri zaidi, shangazi. Inatulia. Ile ya kabati iko kama inangoja kitu. Mutu hawezi kulala kwenye chumba kinachongoja kitu.

Nilikula ugali, nikalala kidogo sebuleni, unajua saa ile ya mchana wakati lupango nzima inanyamaza na hata kuku wanalala. Nilipoamka nikaingia kuangalia kama vimekauka. Vilikuwa vitatu.

Cha tatu kiko katikati ya viwili vyangu, juu kidogo. Rangi yake si ya kabati na si ya dirishani. Iko kati. Rachidi mwenyewe nilimuleta, akaangalia, akasema hii sijachanganya mi. Nikasema ni watoto wa jirani. Nikawagombeza vizuri sana, mama yao akanigombeza na mi. Basi tumalize, ni watoto.

Nilikwangua kwa msasa. Kesho yake mchana, kiko tena. Watoto walikuwa shuleni, lakini watoto wa siku hizi wanatoroka.

Mi siogopi kitu. Nimesimama juu ya ngazi ya gorofa tatu Kinindo bila kamba, muulize nani unataka. Nakuuliza tu kikazi: tupake ya dirishani, itafunika haraka, unaonaje?

Mi, ambaye nimelala vizuri,
Vainqueur

*

Kalemie, 19 Mei 2024

Vainqueur,

Salamu kwa wote. Goti ni lilelile. Mvua imepungua. Mama Ingrid amepata mujukuu wa kike.

Kiko juu kiasi gani?

Niandikie vizuri, bila kucheza. Unakifikia ukisimama chini? Na kina ukingo wa namna gani? Na ni saa ileile kila mara? Divin alikuwa anapenda kufanya kazi saa ya mchana watu wakiwa wamelala, alikuwa anasema ndo wakati ukuta unasikiliza.

Usikikwangue tena. Ukigusa kile kiraka nitakuja nikuchape na umri wako huo.

Paka ya kona iliyokatwa. Kuta zote. Haraka.

Patricia

*

Kanyosha, 30 Juni 2024

Shangazi wangu wa pekee,

Barua yako ilichelewa, boti ilikaa Rumonge, mashine ilikufa. Hamissi anasema alikaa hapo akila samaki wa kuchoma na kulalamika. Tunashukuru amefika. Siku ya uhuru inakuja, watoto wanafundishwa kutembea kijeshi barabarani, vumbi tupu. Baba mukubwa Sébastien ameacha kukohoa, sasa anapiga miayo. Ametangaza kwa familia: kilio cha Divin kitaondolewa mwisho wa Agosti, wakati wa jua, watu wa Bukavu wanaweza kuja. Amesema bila mama wa marehemu haiwezekani, watu watakuwa wamevaa vizuri bule. Neno hilo ni lake. Mi naandika tu alivyosema.

Umeuliza urefu. Nilipanda kiti. Umeridhika?

Ndiyo, mi ni murefu, lakini kuna warefu na kuna Divin. Na ukingo umekatwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama mutu wa mukono wa kushoto. Basi. Watoto wengi ni wa mukono wa kushoto.

Nilipaka kama ulivyoamuru. Ya kona iliyokatwa, kuta zote, mikono miwili ya rangi. Ni kazi nzuri, hata Népomuscène alipita akatafuta kosa, akaishia kuangalia dari. Chumba kimekuwa kama siku ile. Kama siku ile kabisa, shangazi. Nilipotoka kuosha ndoo nikarudi, nilikuwa karibu kumwambia Divin "pisha."

Na kuanzia hapo mambo si viraka tena.

Rulo ya kupakia rangi niliiosha nikaitundika kwa musumari. Mchana nikiwa sebuleni nikasikia inapita ukutani, ile sauti ya kunata, juu na chini, juu na chini, haina haraka. Nikasema ni panya. Panya wa Kanyosha wamesoma, lakini si kiasi hicho. Nikaenda. Rulo iko kwa musumari wake, inadondosha rangi. Na kwenye dari, ule mustari wa mwisho ambao nilikuwa nimeuacha kwa uvivu, ulikuwa umepakwa. Umenyooka kama uzi. Mi sijawahi kunyoosha mustari, unajua, Divin alikuwa ananicheka.

Kuna kitu kingine, lakini nafasi ya karatasi inaisha.

Sasa nalala jikoni. Ni ju ya harufu ya rangi tu, usianze kufikiri mambo. Jikoni kuko joto zuri.

Shangazi, ile ya dirishani bado iko kwenye ndoo. Nasema tu. Haijaganda.

Vainqueur

*

Kalemie, 21 Julai 2024

Vainqueur mwanangu,

Karatasi yako ilikuwa na nafasi. Nimeigeuza, nyuma ni nyeupe yote.

Na rangi ya maji haina harufu ya kufukuza mutu akalale jikoni. Mi ni mama wa mupaka rangi, unafikiri unadanganya nani?

Acha nikueleze jambo. Nilisoma barua yako nikaikasirikia. Si juu ya uwongo wako, uwongo wako nimeuzoea. Nilikasirika kwa wivu. Mi natembea hii pwani mupaka mbwa wa hapa wananijua. Nimeuliza wavuvi, nimeuliza mapadri, nimeuliza wanawake wanaofua. Kila nguo inayotupwa na maji nimeigeuza. Hakuna hata siku moja nimesikia kitu nyuma yangu. Hata kivuli. Na wewe, muvivu, umeshiba ugali, umelala mudomo wazi, anakuja kwako! Nilisema, kwa nini wewe? Mi ndo nilimuzaa.

Nilikaa siku kadhaa bila kutoka. Mama Ingrid alidhani ni goti. Ndani ya hizo siku niliangalia kartoni yako, ile ya kona iliyokatwa niliyoegemeza dirishani kwangu. Nikaona imekuwa chafu. Nikaifuta na kitambaa, ikabaki vile. Nikachukua ile ingine kutoka kwa Biblia, ile nzima, nikaziweka pamoja mapajani.

Zimefanana, Vainqueur. Isingekuwa ile kona iliyokatwa nisingejua ipi ni ipi. Ile niliyotaka niione kila asubuhi imeliwa na jua kwa sababu niliiweka mahali pa kuonekana. Imegeuka na mi niko hapohapo naiangalia, na sikuiona ikigeuka.

Nimelia. Sijaliaka tangu ile boti. Mama Ingrid aliingia akanikuta, aliketi chini na mi akavua viatu vyake.

Paka ya dirishani. Ule ukuta ulikaa huko miaka yote hiyo, mi sikukaa. Acha uonekane umekaa.

Mwambie Sébastien nitakuja. Nitapanda boti ya Hamissi. Ndiyo, kwenye maji yaleyale, usiniambie kitu, nimeshaogopa vya kutosha kwa niaba yenu wote.

Lakini kabla hujaweka rulo ukutani, umwambie. Usimupakie mutu chumba bila kumwambia. Mi niko mbali, wewe ndo anakujia, basi wewe ndo utasema. Mwambie ni mama yake amechagua. Na kile kitu ambacho kilikosa nafasi ya karatasi, nataka kukijua kabla sijapanda boti. Kiandike.

Shangazi yako,
Patricia

*

Kanyosha, 11 Agosti 2024

Shangazi,

Nimeanza hii barua mara nyingi, kila mara naweka utani mwanzoni halafu naona haufai. Basi pokea salamu tu bila kitu juu yake. Watu wote wako wazima. Baba mukubwa aliposikia unakuja alienda kuoga katikati ya siku.

Kile kitu. Ilikuwa baada ya kumaliza kupaka ile ya kabati. Nilikuwa nimelala sebuleni mchana, rulo ikapita ukutani, ikasimama. Nikasikia mutu anauliza kutoka chumbani, sauti ya kawaida kabisa, kama mutu anayeuliza chakula: "Mama amerudi?"

Nilitoka nje. Kesho yake akauliza tena. "Vainqueur, Mama amerudi?" Kila mchana. Hakuwa na hasira. Ndo iliyonipeleka jikoni, si harufu. Ningeweza kuvumilia rulo. Sikuweza kuvumilia kusema "bado" kwa mutu ambaye ulikuwa unamutafuta upande ule mwingine wa ziwa.

Ona sasa, shangazi. Ulikuwa unauliza huko, yeye anauliza hapa. Mi niko katikati, na hakuna mutu ananiuliza mi kitu.

Barua yako ilipofika nilingoja saa yake. Nilivaa shati safi, usinicheke. Niliingia chumbani na ndoo ya ile ya dirishani, nikaketi chini, mugongo kwenye ukuta. Kulikuwa na joto. Nje watu walikuwa wamelala, redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Nilianza na upuuzi wangu, unanijua. Nilisema: we Divin, hata kupaka kwenyewe siku hizi unapaka kwa kuiba, toka tushindane. Nilisema mi sasa ndo mupaka rangi wa Kinindo yote, wewe jina lako limesahauliwa. Nikacheka peke yangu. Kicheko kilikuwa kibaya, nikakiacha.

Akauliza. Mama amerudi?

Nikasema anakuja. Nikasema anakuja na boti ya Hamissi, na amechagua rangi ya dirishani, ni yeye mwenyewe amechagua, hakuna mutu amemulazimisha. Halafu nilisema lile neno. Sikutaka kulisema, shangazi, lilikuwa kazi yako ama ya padri ama ya baba mukubwa mwenye miwani mbili. Lakini yeye alikuwa anangoja na sikuona mutu mwingine pale. Nilisema: Divin, ulikufa. Ulikufa kwenye maji, hatukukuona, tulizika mugomba sababu hatukuwa na kitu kingine. Mama anakuja kukulilia. Atalala humu.

Hakujibu. Nilingoja sana, mupaka mwanga ukahama kutoka sakafuni ukapanda kitandani.

Basi nikasimama nikapaka. Nilianza ukuta wa mulango, nikamaliza na ule wa kabati. Nililia nikiwa juu ya ngazi, na mutu akilia juu ya ngazi rangi inaingia machoni, sasa jicho langu la kulia ni jekundu, usishituke ukiniona. Nilipaka hata kule nyuma ambako hakuna mutu ataona. Kabati nimeirudisha mahali pake. Ile kazi haikunyooka juu kwenye dari. Niliangalia siku zilizofuata, nikitumaini ataninyooshea, sikufichi. Imebaki vilevile nilivyoipaka mi.

Tangu siku hiyo mchana ni mchana tu. Nimerudi kulala ndani lakini usingizi haunijii, kimya kimekuwa kikubwa kuliko nyumba. Zamani nilikuwa naogopa kusikia. Sasa nalala nikisikiliza, na hakuna kitu, na ninasikiliza bado.

Hamissi anaondoka kesho na hii barua, atageuza huko na atakusubiri. Usimuache aondoke bila wewe. Ukishuka bandarini nitakuwa mbele kabisa, watu watafikiri nimekuja kusumbua abiria. Usiniulize kitu pale mbele ya watu. Nishike tu mukono, nipe muzigo wako nibebe, twende nyumbani, uingie humo wewe kwanza, mi nitakuwa nyuma yako.

Kuja, shangazi. Nimechoka kukuwa mutu mukubwa peke yangu humu ndani.

Mutoto wako,
Vainqueur